Mlango wa Zamani na Ajali ya Leo

Ndugu msomaji, tuchukulie kwamba unalo gari lenye umri wa miaka 20, nawe umelikatia bima kubwa. Siku moja unagongwa njia panda. Taa ya kulia inavunjika na bampa inapinda. Gereji, fundi analizunguka gari, anautazama mlango wa kushoto uliobonyea tangu mwaka juzi, kisha ananong'ona: "Mzee, tuutie na huu. Kampuni itajuaje?"

Je, utamjibu nini?

Wengi husema: "Nimelipa ada miaka mingi bila ya kudai kitu. Hiki ni changu." Hoja hii yaonekana nzito, lakini tuipime. Ada ile haikuwa akiba. Ulilipia kusimamiwa iwapo utapatwa na ajali katika mwaka ule. Mwaka ulipokwisha salama, ulikuwa umekwisha kupata ulichonunua. Tena bima hukusudiwa kukurejesha pale ulipokuwa kabla ya kugongwa, si kukupandisha juu yake. Ndiyo maana, kifaa kipya kinapofungwa mahali pa kikuukuu, mwenye gari huweza kutakiwa achangie tofauti.

Kisha, fedha ya mlango itatoka kwa nani? Hutoka katika ada za dereva wa teksi, za mwalimu, na za muuza samaki mwenye pikapu. Madai ya uongo yakizidi, ada zao hupanda.

Ni kweli kwamba ziko kampuni ambazo huchelewesha malipo, au hulithamini gari la zamani chini ya haki yake. Dhuluma hiyo na ijibiwe waziwazi: soma mkataba, omba tathmini ya mthamini mwingine, peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia bima. Lakini uongo haugeuki kuwa haki kwa sababu aliyedanganywa naye ni dhalimu.

Mtazame na fundi. Leo umemkubalia aandike mlango ambao haukuguswa na ajali. Kesho atakuandikia wewe breki ambazo hakuzibadilisha, nawe utaliendesha gari hilo na wanao ndani.

Basi, ndugu msomaji, mwambie: "Andika taa na bampa. Mlango nitautengeneza kwa fedha yangu, nikijaaliwa." Ukipita mjini na mlango uliobonyea, hapana atakayekuhukumu. Ama yaliyoandikwa katika fomu ile, Mwenyezi Mungu anayajua, hata kama kampuni haiyajui.