Dua ya Tufani

Mwenye kuzoea baraza za Mombasa ya Kale, au za Lamu, au za mtaa wa Malindi kule Unguja, akajaaliwa kuketi na wazee ambao katika ujana wao walikuwa mabaharia wa majahazi yaliyoshuka na Kaskazi na kupanda na Kusi, atatambua upesi kwamba mzee wa namna hiyo, akiulizwa ni safari ipi katika umri wake asiyoweza kuisahau, hasimulii ile iliyompa faida kubwa, wala ile ambayo kwayo aliiona Basra au Bombay kwa mara ya kwanza, bali husimulia usiku mmoja ambao foromali ilivunjika, maji yakajaa ngamani kuliko watu walivyoweza kuyafua, na nahodha, ambaye hakuwa akijulikana kwa ucha Mungu, akawaamrisha wote watie toba. Nimeyasikiliza masimulizi hayo mara nyingi, na kila mara yameniachia suali ambalo naliona ni zito kuliko tufani yenyewe: dua aombayo mtu asipokuwa na pengine pa kukimbilia, je, ni dua ya kweli, au ni hofu iliyovaa joho la ibada?

Kurani Tukufu imelitaja jambo hili zaidi ya mahali pamoja, na katika Sura ya Yunus, aya ya 22 na ya 23, imewaeleza wasafiri ambao upepo mwema uliwafurahisha, kisha dhoruba ikawafikia, wakamwomba Mungu kwa ikhlasi na kuahidi shukrani, nao walipookolewa wakairudia dhuluma juu ya nchi kavu. Wako waichukuliao aya hiyo kuwa ni hukumu juu ya dua yenyewe, kwamba ilikuwa batili tangu ilipotamkwa. Mimi siioni hivyo. Ikhlasi yao imeshuhudiwa na Aliyewaumba, wala haikukanushwa. Lawama imewaangukia kwa yale waliyoyatenda walipokwisha kushuka. Ikiwa ndivyo, basi ukweli wa dua ya baharini hatuwezi kuutafuta baharini; yatupasa kungojea chombo kitie nanga.

Wanavyuoni nao hawakuliacha jambo hili katika mawaidha tu. Katika *Minhaj* ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho Mashafii wa pwani hii wamekisoma kizazi baada ya kizazi, imo mas'ala ya chombo kinachokaribia kuzama: yajuzu kutosa shehena, na pakiwa na matumaini ya kuwaokoa watu waliomo, kutosa huwa wajibu. Lakini hofu haifuti haki. Aliyetosa mali ya mwenziwe bila ya idhini yake atailipa. Na aliyemwambia mwenye mali, itose nami ni mdhamini, dhamana ile imemshika ingawa aliitamka huku meno yakimgongana, maadamu kuzama kulikuwa kukiogopewa kweli na manufaa ya kutosa hayakuwa ya mwenye mali peke yake. Warumi pia, katika Digesta ya Kaisari Justiniani ya mwaka 533, waliihifadhi sheria iliyonasibishwa na kisiwa cha Rhodes, kwamba hasara iliyofanywa kwa ajili ya wote ifidiwe kwa mchango wa wote, na hata meli kubwa za zama zetu bado hugawana hasara za namna hiyo kwa kanuni ya asili hiyo.

Hapo ndipo ninapolipata jawabu langu. Sheria ambayo yamjua mwanadamu vizuri, na yajua kwamba mtu aliyeyaona mauti huahidi kile ambacho asingekiahidi akiwa ameketi kwake, haikumwambia mwenye mali kuwa ahadi aliyopewa usiku ule ilikuwa maneno ya woga yasiyo na maana. Ilimwambia, nenda ukadai. Ikiwa neno alilolisema baharia kwa mfanyabiashara wa tende katikati ya mawimbi lamfunga hadi alilipe, itakuwaje neno alilomwambia Mola wake wakati ule ule, kwa ulimi ule ule, lihesabiwe kuwa ni upuuzi? Hofu haikulibatilisha, hofu ndiyo iliyolitoa kifuani.

Wala deni la ahadi kama hiyo halikuwa jepesi kwa baharia. Mwaka 1938 Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda karibu na Aden katika bumu la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasir An-Najdi, akasafiri nalo hadi Mogadishu, Mombasa na Unguja, kisha hadi delta ya Rufiji lilikokwenda kupakia boriti za mikoko, akafika nalo Kuwait mwaka 1939. Naye ameandika jinsi mabaharia wale walivyokuwa hawapati mshahara bali sehemu ya faida, sehemu ambayo kwa wengi ilikwisha kuliwa na madeni kabla ya tanga kutwekwa. Katika vyombo kama hivyo palikuwa na tende na chumvi na papa mkavu wa matajiri, na palikuwa pia na kasha dogo la baharia, lenye bidhaa zake chache za kuuza bandarini. Alipoambiwa tosa, alitosa cha tajiri na chake.

Haki hiyo ya kutosa ina mpaka. Nabii Yunus alipigiwa kura akatupwa baharini, lakini Imam Qurtubi, katika tafsiri yake, ameeleza kwamba si halali watu kupigiana kura ili mmoja wao atoswe kukipunguzia chombo uzito: kinachotoswa ni mali, na mali ikiisha watu hustahimili kadari ya Mungu pamoja. Mwaka 1781 mabaharia wa meli ya Kiingereza iliyoitwa Zong waliwatosa watumwa wa Kiafrika zaidi ya 130, na jambo hilo lilipofika mahakamani London mwaka 1783, kilichobishaniwa kilikuwa bima ya shehena. Nasi wa pwani tusijione tumetakasika. Hadi mkataba wa mwaka 1873, alioutia sahihi Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ulipoharimisha kusafirisha watumwa kwa bahari, vyombo vya bandari zetu viliwabeba wanadamu, na baada yake wako walioendelea kwa siri. Nami sijapata kumsikia mzee hata mmoja akisema kwamba safari iliyosimuliwa nyumbani kwao na babu yake ilikuwa hiyo. Kumbukumbu isiyomtaja aliyedhulumiwa ndiyo ile dhuluma ya nchi kavu iliyotajwa katika aya.

Tena tusidhani ya kuwa kunusurika ni dalili ya dua kukubaliwa. Barazani husema walionusurika. Waliozama waliomba kwa maneno yale yale, na pengine kwa ikhlasi iliyozidi. Nahodha An-Najdi, aliyewavusha abiria na mizigo katika bahari hii, alifia baharini mwaka 1979, zama ambazo mafuta ya Kuwait yalikuwa yamekwisha kuiua biashara ya majahazi aliyokulia. Hakuna mwenye haki ya kusema kwamba yeye hakusikilizwa. Aliyeokoka amepewa muda wa kulipa, basi, na mzee asimuliaye usiku ule, akawataja wenziwe waliopotea kwa majina na kuwarehemu, naona kwamba angali akilipa.

Basi, msomaji, ukiwa jirani na mzee wa namna hii, ukimaliza kusikiliza habari za mawimbi na upepo, mwulize shehena iliyotoswa ilikuwa ya nani, na kama mwenyewe alifidiwa, na ni nani aliyelipa; kisha liandike jawabu lake kama alivyolitoa, kwani waliovuka hadi Ghuba kwa tanga tupu wamebaki wachache mno.