Nasaba ya Kima Punju

Somo: Mathayo 1:1–17



Somo la nasaba likisomwa kanisani, wengi wetu husinzia. Hata sisi tuliofundisha walimu miaka mingi tulizoea kuyaruka yale majina. Lakini Mtakatifu Mathayo hakuyaandika bure. Alitaka tujue kwamba Mungu hampotezi mtu katika hesabu yake. Hata Rahabu na Ruthu, waliokuwa wageni, wamo.

Siku hizi wataalamu husoma nasaba nyingine. Tukitoka Tunguu kwenda Makunduchi tunapita Jozani, na pale twamwona kima punju, mwenye mgongo mwekundu. Asili yake ni hapa Unguja na visiwa vidogo vya kando, wala si penginepo duniani. Mwaka 1868 wataalamu wa Uingereza walimpa jina la John Kirk, yule yule aliyehimiza mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa, mahali liliposimama Kanisa Kuu letu la Mkunazini.

Karibu kila chembe ya mwili wa mnyama ina maandishi ya urithi, nayo huitwa vinasaba. Ili kuyasoma si lazima kumkamata mnyama. Mtaalamu huokota kinyesi msituni, kwa kuwa chembe za utumbo hutoka pamoja nacho, akakipeleka maabara. Humo hujua nani ndugu wa nani, na kama makundi mawili bado yanazaliana. Kumbe kile tunachokikimbia kwa pua ndicho kinachotoa ushahidi!

Katika milima ya Udzungwa, kule bara, yuko kima mwekundu wa jamaa hiyo hiyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba vijiji na mioto ya watu huzuia damu ya msitu mmoja kuchanganyika na ya mwingine. Kundi lililofungiwa huzaliana lenyewe kwa lenyewe, na kasoro zilizojificha hujitokeza kwa wajukuu. Kwa macho utaliona zima; ndani limekwisha anza kudhoofika.

Hesabu iliyotolewa mwaka 2019 ilipata kima punju zaidi ya 5,800. Tumshukuru Mungu. Lakini wingi hautoshi, ikiwa kila kundi limebaki peke yake kama kisiwa ndani ya kisiwa.

Tunajua mkulima ana lake la kusema, maana kima hula nazi zake changa. Si haki abebe mzigo huu peke yake. Sisi tununuao mkaa, sisi tuuzao viwanja, tumo. Tukikata kichaka cha mwisho kati ya msitu na msitu, tumekata ukoo. Tena tunakiri kosa letu: tulipokuwa tukifundisha, tuliwaacha vijana wamchukie mnyama huyu kwa ajili ya jina tu, kwa kuwa punju ni sumu. Hatukuwaambia kwamba naye ana nasaba.

Basi, mwenye shamba aache ukanda wa miti. Mwenye kuchoma majani asiondoke kabla moto haujazimika. Dereva apunguze mwendo Jozani. Bwana ajuaye hesabu ya nywele za vichwa vyetu hakushindwa kuhesabu za kima. Nasi atatuuliza tuliwatunzaje aliotukabidhi.

Amina.