Vumbi la New York

Septemba 11, 2001, minara pacha iliposhambuliwa na kuporomoka, askari wa zimamoto 343 wa New York walikufa siku moja. Wenzao walifukua kifusi kwa miezi, wakivuta vumbi la saruji na asbesto. Serikali iliwaambia hewa ni salama! Kikohozi kikaja, kisha saratani. Maradhi yamekwishaua zaidi ya 343.

Matibabu na fidia havikuja vyenyewe. Wagonjwa walikwenda Washington mwaka baada ya mwaka, wengine kwa viti vya magurudumu, kuwasemea wenzao. Juni 2019 mmoja wao, mpelelezi wa polisi Luis Alvarez, amekonda kwa saratani, aliwaombea wenzake mbele ya kamati ya Bunge. Alifariki mwezi huohuo. Julai fidia ikarefushwa hadi 2090. Kijana aliyekuwa na miaka 18 siku ile ya Septemba atakuwa na 107.