Umaarufu wa Asiyejua

Mwaka 1984, mjini Spokane, Marekani, msanii Charlie Schmidt alimvalisha paka wake Fatso fulana ya buluu, akamweka mbele ya kinanda na kuichezesha miguu yake ya mbele huku kamera ikirekodi. Fatso alikufa mwaka 1987. Video ikapandishwa YouTube mwaka 2007, na miaka miwili baadaye dunia ikamjua paka mpiga kinanda. Sasa niambie: ni nani hasa aliyepata umaarufu huo? Mwenyewe alikuwa kaburini zaidi ya miaka 20.

Aristotle aliligusa jambo hili alipokataa kwamba heshima ndiyo kilele cha maisha mema. Heshima, alisema, inamtegemea zaidi anayeitoa kuliko anayeipokea. Paka anaifikisha hoja hiyo mwisho, kwa kuwa kwake mpokeaji hayupo kabisa.

Kaisho, wilayani Kyerwa, paka anafugwa kwa kazi. Mahindi na maharage yakishaingia ndani panya hawakawii, na asiye na paka huishia kushona magunia. Siku hizi mjukuu mwenye simu akimkuta paka amejilaza juu ya gunia mdomo wazi, anamrekodi na kumrusha TikTok kabla bibi hajamaliza kumenya ndizi. Mwoneshe paka video yake: atanusa kioo, pengine akiparure kidogo kama kuna kitu kinakimbia, kisha atakupa mgongo. Watazamaji kumi au milioni, kwake ni mamoja. Wapo wanaomsifu kwa unyenyekevu. Si kweli. Mnyenyekevu anajua anachokikataa.

Ndiyo maana wengi husema hakuna ubaya: hajui, basi haimhusu. Mimi jibu hilo halinitoshi. Mtazame Grumpy Cat wa Arizona, aliyesifika tangu 2012 kwa uso wa hasira. Hakuwa na hasira yoyote. Uso ule ulitokana na maumbile ya kuzaliwa nayo, udumavu na taya lililokaa vibaya. Hasira tulimbandika sisi, na ikawa bidhaa: mwaka 2018 jopo la mahakama huko California liliipa kampuni iliyomiliki haki za sura yake dola 710,001 katika kesi dhidi ya wauza kahawa. Nadhani hapa ndipo kiini kilipo. Maarufu asiyejua havunwi sura tu, anapewa na maana isiyo yake. Paka hapotezi kitu, kwa kuwa hakuwa na habari zake za kusimulia. Mwanadamu anazo, hata kama hajui kwamba zinasimuliwa vingine mahali pengine.

Ufalme wa Karagwe, uliokuwa na Kaisho ndani yake, uliyaona haya zamani. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa mfalme Rumanyika, akakuta wanawake wa nyumba ya kifalme wakinyweshwa maziwa hadi wanenepe. Unene huo ulikuwa hadhi. Speke alitaka kumpima mmoja wao, shemeji wa mfalme, akamshawishi kwa ahadi kwamba naye angemwonesha mikono na miguu yake mitupu. Mama yule akakubali. Ulikuwa mkataba wa haki, naye alikuwa mtazamaji sawa na mgeni wake. Pengine jioni ile aliwasimulia wenzake habari za miguu ya Mzungu.

Lakini kitabu kilipotoka mwaka 1863, wasomaji wa Uingereza walimtazama bila kumwonesha chochote, na hadhi yake ikasomwa kama kioja. Angekuwa na la kusema juu ya hilo. Hakuulizwa. Mzunguko wa mkono futi 1 na inchi 11, wa kifua futi 4 na inchi 4: vipimo vyote viko kitabuni hadi leo. Jina lake Speke hakuliandika.