Saa Nne ya Buyenzi

Ikiwa ni saa nne asubuhi Buyenzi, hapa Bujumbura, kule Kariakoo, Dar es Salaam, ni saa tano, na hakuna anayedanganya. Burundi iko saa mbili mbele ya UTC, Tanzania saa tatu: kipindi ni kimoja, majina mawili. Je, kompyuta inapoipiga faili muhuri wa wakati, iandike kipindi au jina? Mfumo wa FAT, uliojaa kwenye flashi zetu, huandika jina. Faili iliyohifadhiwa Buyenzi saa nne, ikivushwa mpaka wa Kobero na kufunguliwa Dar es Salaam, husomeka saa nne ya huko, yaani saa nzima kabla haijaandikwa. Unix ilichagua kipindi: huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa UTC, na mahali huulizwa wakati wa kusoma tu. Kwangu tofauti hii ni ya uaminifu kabla ya kuwa ya ufundi, maana muhuri wa wakati ni ushahidi, na shahidi hasemi zaidi ya alichoshuhudia.

Yupo atakayesema kwamba shahidi huyu hurubunika: kwa amri moja ya touch, mwenye faili huirudisha tarehe yake nyuma miaka kumi. Ni kweli, na ruhusa hiyo ina haki yake. Anayehamisha kumbukumbu za ofisi kwenye diski mpya hataki barua ya 1998 ionekane imeandikwa leo. Hapa elimu ya Hadithi za Mtume hunisaidia kuliko vitabu vya kompyuta: wanazuoni wake hawakukataa habari ya kupokewa, walidai ijulikane imepokewa kwa nani. Linux hukaribia hapo. Kando ya muhuri uitwao mtime, unaokubali tarehe iliyoletwa, upo ctime, ambao kerneli, kiini cha mfumo, hujiandikia yenyewe kila maelezo ya faili yanapoguswa, na touch haiwezi kuupangia. Barua inabaki na 1998 yake, na pembeni siku ilipopokelewa, mpaka iguswe tena.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kerneli yenyewe haijauona wakati, imeiona saa tu, na saa ya mashine huweza kurudishwa nyuma. Nakubali. Ndiyo sababu msanidi asijaribu kuirekebisha kimyakimya tarehe inayomshangaza. Programu ya make, inayolinganisha tarehe za faili, ikikuta faili yenye tarehe ya kesho, huonya kwamba saa zimepishana, na tarehe yenyewe haiigusi.