Mtaalamu Anapobadili Neno: Imani ya Umma na Ushauri wa Afya Kisii na Nyamira

Mtu asiye na elimu ya tiba hawezi kuhakiki mwenyewe kama kirusi huenea kwa matone au hewani, wala hawezi kujua kilichomo ndani ya chupa ya chanjo kwa kuitazama. Hutegemea neno la mwingine. Imani ya umma kwa wataalamu wa afya imejengwa juu ya utegemezi huo, nayo hutikisika pale neno lenyewe linapogeuka: mwezi huu barakoa haihitajiki, mwezi ujao asiyeivaa anakamatwa. Je, kugeuka kwa ushauri ni sababu nzuri ya kupunguza imani? Watetezi wa sayansi hujibu kwamba sivyo, kwa kuwa kubadilika ndiko kujifunza. Mwananchi aliyechoka hujibu kwamba ndivyo, kwa kuwa anayejua hayumbi. Yaliyotokea katika kaunti za Kisii na Nyamira, nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Kenya wanakoishi Abagusii, yanaonyesha kuwa majibu yote mawili yamekosa jambo la maana zaidi, yaani sababu zilizotolewa pamoja na ushauri wa kwanza.

Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala aliyoichapisha mwaka 1986, alitenga kutegemea na kuamini. Kitu kinachotegemewa kikiharibika, mtumiaji husikitika. Mtu aliyeaminiwa akikosa, aliyemwamini huhisi amesalitiwa, kwa sababu alimhesabia nia njema juu ya ujuzi wake. Imani kwa mtaalamu basi ina nguzo mbili: kwamba anajua, na kwamba anamtakia mema anayemshauri. Ushauri unapobadilika, msikilizaji huuliza ni nguzo ipi iliyoteleza.

Abagusii waliwazoea wataalamu muda mrefu kabla ya hospitali. Ababari, wapasuaji wa kichwa, walilifungua fuvu la mtu aliyejeruhiwa kichwani au aliyesumbuliwa na maumivu yasiyokwisha baada ya pigo, na katika karne ya 20 kazi yao iliandikwa na madaktari waliokuja kuishuhudia. Mgonjwa hakuijua elimu ya omobari. Aliwajua waliopasuliwa naye wakapona, na pengine waliokufa, na alijua nyumba ya omobari ilipo. Mtaalamu wa janga la maambukizi hana ushahidi wa namna hiyo. Akifaulu, kinachotokea ni kwamba mtu fulani hakuugua, na hakuna awezaye kumtaja ni nani. Matunda ya kazi yake hayaonekani, ila usumbufu wa amri zake unaonekana kila siku. Ndiyo maana neno lake hubeba mzigo mzito kuliko la omobari, na likigeuka hutikisa zaidi.

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Kafyu ilianza tarehe 27 mwezi huohuo, na Aprili barakoa ikawa lazima hadharani. Hapo ndipo jambo lenye mafunzo mengi lilipotokea. Miezi michache ya mwanzo, Shirika la Afya Duniani na mamlaka za nchi nyingi ziliwaambia watu wasio wagonjwa kwamba hawana haja ya barakoa. Shirika hilo liligeuza ushauri wake tarehe 5 Juni 2020, majuma kadhaa baada ya polisi wa Kenya kuanza kuwakamata wasiovaa. Nyuma ya ushauri wa kwanza kulikuwa na sababu mbili zilizochanganywa. Moja ilikuwa ya kisayansi: ushahidi kuhusu faida ya barakoa kwa mpita njia ulikuwa haba. Ya pili ilihusu ugavi: barakoa za hospitali zilikuwa chache, na watu wote wakizikimbilia zingewaishia wauguzi. Mtaalamu wa Marekani Anthony Fauci alikiri Juni 2020 kwamba hofu ya upungufu ilikuwa na nafasi katika ushauri wa mwanzo.

Sababu ya pili ilikuwa nzuri, tena ilikuwa rahisi kueleweka. Mchuuzi wa soko la Keroka hakuhitaji shahada ili aelewe kwamba barakoa ni chache, muuguzi apate kwanza, na wengine washone za kitambaa. Lakini ilipofichwa ndani ya sababu ya kwanza, mabadiliko ya Juni hayakuonekana kama ujuzi mpya. Yalionekana kama kufichuka kwa jambo lililokuwa limesitiriwa. Aliyepunguza imani yake hapo hakuwa mjinga. Nguzo iliyoteleza ilikuwa ile ya nia njema: alichukuliwa kama mtu wa kuelekezwa, si mtu wa kuelezwa.

Kinyume chake kinaonekana katika habari ya chanjo. Dozi za kwanza za AstraZeneca, zaidi kidogo ya milioni moja, zilifika Nairobi tarehe 3 Machi 2021. Baadaye mwezi huo India ikazuia kuuza chanjo nje, na Wizara ya Afya ikasogeza dozi ya pili kutoka wiki 8 hadi wiki 12. Aprili Denmark iliacha kabisa kutumia AstraZeneca kwa sababu ya ugonjwa nadra wa damu kuganda, na tarehe 31 Mei dozi 358,700 kutoka Denmark hiyohiyo zikawasili Kenya. Swali la wananchi lilikuwa la haki: kisichowafaa Wadeni kinatufaaje sisi? Jibu la kweli lilikuwepo. Hatari ya damu kuganda ilikuwa ndogo sana. Denmark ilikuwa imeudhibiti ugonjwa na ilikuwa na chanjo nyingine mkononi, kwa hiyo hata hatari ndogo ilizidi faida. Kenya haikuwa na chanjo nyingine wakati huo, na wimbi jipya lilikuwa mlangoni. Uzito ni uleule, mizani ni ileile, lakini kilichowekwa upande wa pili ni tofauti. Aliyeelezwa hivyo haoni kinyume chochote. Aliyeambiwa tu kwamba chanjo ni salama hubaki na kauli mbili zinazopigana, na atachagua ile inayolingana na hofu yake.

Hoja hiyo inafaa kutajwa waziwazi. Ushauri unaotolewa pamoja na sababu yake hubeba ndani yake masharti ya kubadilika kwake. Aliyeambiwa aache jambo fulani kwa sababu fulani anajua tangu siku ile kwamba sababu ikiondoka, ushauri utageuka, na mabadiliko yakija atayatambua kuwa uaminifu kwa jambo lilelile. Aliyepewa amri tupu hana njia ya kutenga kujifunza na kuyumba.

Kwa malaria, Gusii imewahi kuona ushauri ukigeuka mara kadhaa bila imani kuvunjika kiasi hicho. Nyanda hizi hupatwa na milipuko ya malaria kwa kuwa wakazi wake, tofauti na wa kando ya Ziwa Viktoria, hawaumwi na mbu wenye vimelea mara nyingi kiasi cha kujenga kinga. Klorokwini ilipozidiwa na usugu wa vimelea, Kenya iliiacha mwaka 1998 na kuchukua dawa za kundi la Fansidar. Hizo nazo zilipochoka, mwaka 2004 iliamuliwa kuhamia dawa mseto zenye artemisinini, ambazo zilianza kutolewa katika vituo vya umma mwaka 2006. Kisha kuanzia 2010 likaja geuzo lingine, gumu zaidi: wazazi waliofunzwa kwa miaka kwamba homa ya mtoto ni malaria hadi ithibitike vingine, wakaambiwa wasimpe dawa kabla ya kupimwa damu.

Mageuzi ya dawa yalipokelewa kwa sababu yalifuata yaliyoonekana. Mama aliyemnywesha mtoto klorokwini na homa ikarudi alikuwa na ushahidi wake mwenyewe kabla wizara haijasema neno. Geuzo la vipimo lilipata upinzani zaidi, hata kutoka kwa wahudumu, ambao mara nyingi waliendelea kutoa dawa kwa mgonjwa ambaye kipimo kilionyesha hana malaria. Sababu yake haikuwa mbele ya macho: malaria ilikuwa imepungua, kwa hiyo homa nyingi zilikuwa za maradhi mengine. Bila kujua hilo, kipimo kilichosema hakuna kilionekana kumnyima mtoto tiba. Tofauti kati ya mageuzi haya mawili haikutokana na ukubwa wa mabadiliko. Ilitokana na kama sababu ilikuwa mikononi mwa aliyeshauriwa.

Sababu ikitolewa nusu, huleta madhara ya aina nyingine, na mfano wake katika Gusii unauma. Kwa miaka mingi kampeni dhidi ya ukeketaji zilikazia hatari za kiafya: wembe mmoja kwa wasichana wengi, damu nyingi, pepopunda, virusi vya UKIMWI. Wazazi wengi walisikia, wakazifuata hoja hizo mpaka mwisho wake. Kama tatizo ni wembe mchafu, dawa ni wembe safi. Gusii ikawa mojawapo ya maeneo ya Kenya ambako wahudumu wa afya hufanya sehemu kubwa ya ukeketaji, na sheria ya mwaka 2011 inayoupiga marufuku haijaufuta. Wazazi hao hawakukosa kuwaamini wataalamu. Waliwaamini sawasawa na sababu waliyopewa. Haki ya msichana juu ya mwili wake, ambayo ndiyo sababu kuu, ilikuwa imeachwa nyuma ya ile iliyodhaniwa kuwa rahisi kukubalika.

Wakati wa korona kulikuwa pia na tatizo la kiwango cha uhakika. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza, kama jambo lililothibitika, kwamba kirusi hakisambai hewani. Baadaye shirika hilohilo lilikubali kwamba husambaa hewani, hasa ndani ya vyumba vyenye watu wengi na hewa haba. Kukosea katika mwezi wa tatu wa ugonjwa mpya si aibu. Kilichodhuru ni sauti ya uhakika pasipo uhakika. Ndoo za kunawia mikono ziliwekwa kila lango la soko na duka, na madirisha ya matatu hayakupewa umakini huo. Matatu zenye nafasi 14 ziliamriwa kubeba abiria 8, na nauli ikawaelemea wasio na chochote. Gharama ya ushauri huwaangukia watu fulani, na watu hao wana haki ya kujua msingi wake ni imara kiasi gani.

Ushauri wa wataalamu, tena, haukuwafikia watu peke yake. Ulikuja katika sauti ya serikali, na anayetoa amri hupimwa kwa mwenendo wake. Ibada ya kumuaga mwanasiasa mkongwe Simeon Nyachae katika Uwanja wa Gusii, Februari 2021, ilikusanya umati na viongozi wakuu wa taifa. Tarehe 18 Mei ulifanyika uchaguzi mdogo wa Bonchari, pamoja na kampeni zake. Sikukuu ya Madaraka ikaadhimishwa Kisumu tarehe 1 Juni, ilhali aina ya kirusi iitwayo Delta ilikuwa tayari imegunduliwa huko. Siku 16 baadaye, tarehe 17 Juni, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza masharti makali kwa kaunti 13 za magharibi, Kisii na Nyamira zikiwemo: kafyu kuanzia saa moja jioni, na mazishi yafanywe ndani ya saa 72. Kisayansi masharti hayo yalitetewa na kasi ya Delta. Lakini mkulima wa Borabu aliyetakiwa kumzika mzazi wake mbele ya watu wachache alikuwa amewaona wakubwa wakijumuika. Tuhuma alizozielekeza kwa madaktari zilistahili kwenda kwingine, na hilo ni hasara ambayo wataalamu hawakuisababisha wenyewe, ingawa walikaa kimya walipopaswa kusema. Matabibu na wauguzi wa kaunti nao, waliogoma Desemba 2020 wakidai pamoja na mengine vifaa vya kujikinga, walishauri umma ujikinge hali wao hawakukingwa.

Wapo wanaopinga kwamba dharura hairuhusu maelezo marefu, na kwamba mashaka ya wataalamu yakitangazwa watu watafanya wapendavyo. Pingamizi hili lina uzito: ujumbe wa sentensi moja hukumbukwa, na kila sababu hufungua mlango wa kubishana. Hata hivyo limejengwa juu ya dhana kwamba mwanakijiji hawezi kupima sababu. Mwanafalsafa wa Kenya Henry Odera Oruka, aliyeanza katika miaka ya 1970 kuwahoji wazee wasio na elimu ya shule, alionyesha kwamba miongoni mwao wapo wanaozichambua mila za watu wao kwa hoja na kuzikataa zisizosimama. Redio za Ekegusii kama Egesa FM hujadili siasa na bei ya majani chai kwa kina kila siku. Haiwezekani barakoa pekee ndiyo iwe ngumu kueleweka.

Mwanafalsafa Onora O'Neill naye, katika mihadhara yake ya mwaka 2002 kupitia BBC, alisisitiza kwamba lengo si kuongeza imani tu, bali iende kwa anayestahili. Kwa mtazamo huo, kipimo cha mafanikio katika janga hakiwezi kuwa idadi ya waliotii. Mtu aliyetilia shaka kauli ya uhakika wa uongo alitumia akili yake vizuri, hata kama baadaye shaka hiyo ilimpeleka kukataa chanjo iliyomfaa.

Sababu zenyewe pia zina kikomo. Mwananchi aliyeelezwa kwamba hatari ya damu kuganda ni ndogo hawezi kuihesabu mwenyewe, kwa hiyo imani haiondoki, inasogea tu hatua moja nyuma. Anachoweza kukagua ni vitu vya karibu: kama mshauri alisema kabla ni nini kingemfanya abadili neno, kama anataja asichokijua, kama anafuata anachoagiza, na nani anafaidika. Tangu 2023 kazi ya kufikisha ushauri hadi nyumbani imepewa wahamasishaji wa afya ya jamii wanaolipwa posho, ambao ni majirani wa wale wanaowatembelea na hukaguliwa kama ababari walivyokaguliwa. Wengi wao hupokea kutoka juu orodha ya maagizo bila sababu zake, na jirani akiuliza kwa nini neno la mwaka jana limebadilika, hawana jibu la kumpa.