Dakika Kumi za Utulivu Zinatoka kwa Nani?

Ushauri wa siku hizi kuhusu kutuliza akili huanza na hesabu: siku ina saa 24, nani basi ashindwe kutenga dakika kumi akae kimya na kufuata pumzi yake? Hesabu hiyo huchukulia muda kuwa mali ya mtu binafsi, kama fedha iliyo mfukoni mwake. Ukiifikisha Ndalambo, wilayani Momba, mkoani Songwe, mwezi Januari, inaanza kuyumba. Mvua za Songwe zina msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na magugu hayamsubiri mtu. Mama anayerudi kutoka kupalilia mahindi anakuta maharage hayajainjikwa, ndoo tupu, mtoto analia. Akiinjika kisha akakaa kando, kuni zinaungua hadi nje ya mafiga, moto unafifia kwa kukosa wa kuzisukuma, na nyumba nzima inachelewa kula. Dakika zake zilikwisha kugawiwa kabla hajaamka. Hoja yangu basi ni kwamba nyuma ya mtu aliyetulia kuna mwingine aliyemshikia kazi, na anayetaka kujua utulivu unapatikanaje amtafute kwanza huyo wa pili.

Historia ya taamuli, yaani mazoezi hayo ya kutuliza akili, inalithibitisha hilo. Watawa wa Kibudha wa Thailand na Myanmar hula chakula wanachopewa na waumini. Jiko liko kwa watu wengine. Wamonaki Wasistersia wa Ulaya, katika karne ya 12, walikuwa na mabradha walei waliolima na kuchunga mifugo ili wenzao wa kwaya wapate nafasi ya sala. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya wiki kadhaa yaliyomtaka mgonjwa afanye mazoezi ya kama dakika 45 kwa siku. Mbinu ikatoka utawani ikaingia majumbani. Wale waliokuwa wakimpikia mtawa hawakuja nayo.

Atatokea wa kusema kwamba mkulima hahitaji mafunzo hayo, kwa kuwa jembe lenyewe ni taamuli. Maneno haya yanapendeza zaidi kwa asiyelima. Mikono ikishazoea kazi, akili huondoka shambani ikaenda kwenye bei ya mbolea na sare za watoto. Utafiti wa Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, uliochapishwa mwaka 2010, uliwauliza watu wazima 2,250 wanawaza nini katikati ya shughuli zao. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo akili ilikuwa mahali pengine, na iliporanda furaha ilipungua. Ni kweli kwamba Bradha Lawrence, Mkarmeli wa Paris katika karne ya 17, alisifika kwa kuuona uwepo wa Mungu hata akiwa jikoni. Lakini nyumba ya kitawa ilimhakikishia mlo na paa, na hakuwa na mtoto wa kulea. Aliyeondolewa hofu ya kesho si sawa na anayepika huku akiwaza unga utafika lini mwisho.

Pingamizi zito zaidi ni la kitabibu: mazoezi haya husaidia hata yakifanywa na mtu mmoja mmoja. Nakubali. Mapitio ya majaribio 47 yaliyochapishwa Marekani mwaka 2014 yaliona nafuu ndogo hadi ya wastani katika wasiwasi, sonona na maumivu, ingawa hayakuona kwamba taamuli inazishinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya viungo. Dawa inayofaa, hata hivyo, bado inahitaji kumfikia mgonjwa, na muda wa kuitumia haupatikani kwa mtu peke yake. Mwenye duka mjini Tunduma akifunga peke yake saa za wateja ili atulie, mteja anavuka kwa jirani. Maduka yote yakifunga pamoja, hakuna anayepoteza. Dini ziliielewa siri hii zamani. Kurani inaamuru biashara iachwe wito wa sala ya Ijumaa unapotolewa, kisha inawaruhusu watu warudi kutafuta riziki. Jumapili ya Wakristo nayo ilifanya pumziko kuwa zamu ya jamii nzima, lisitegemee ushupavu wa mtu mmoja.

Hata hivyo, Jumapili haijafika jikoni. Wakati wengine wamepumzika, kuna anayechota maji na kupika zaidi kuliko siku nyingine, na mara nyingi ni yuleyule aliyeshinda shambani wiki nzima. Pumziko la pamoja linalomwacha mtu mmoja nje linamkandamiza kwa jina zuri. Kwa hiyo mume anayetafuta utulivu aanze kwa kumwuliza mkewe ni saa ngapi amshikie mtoto na moto, naye akishapata jibu alitimize kila siku bila kungoja kuombwa. Akishafanya hivyo, ndipo zamu yake ya kukaa kimya itakuwa haki yake, maana hataichukua kwa mgongo wa mwingine.